Je, ni Giotto aliyechora kuta za Assisi?

Wageni wanaoingia kanisa la juu la Basilika ya Mtakatifu Fransisko mjini Assisi, Italia, huambiwa kwamba picha 28 za maisha ya mtakatifu huyo ni za Giotto, mchoraji wa Italia. Hakuna mkataba uliobaki unaosema hivyo. Riccobaldo wa Ferrara, aliyeishi zama za Giotto, aliandika tu kwamba mchoraji huyo alifanya kazi katika makanisa ya Wafransisko ya Assisi, Rimini na Padua. Ukuta gani, hakutaja. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, ndiye aliyempa Giotto picha hizi waziwazi, tena mwaka 1568, zaidi ya karne mbili baada ya mchoraji kufa.

Ndiyo maana sisi wahifadhi wa michoro ya kale huanza na lipu. Rangi hupakwa juu ya lipu ya chokaa ikingali mbichi. Ikikauka, hufyonza hewa ya kaboni na kuifunga rangi ndani yake. Kwa hiyo fundi hupiga lipu ya kumtosha siku hiyo tu. Kesho yake kipande kipya hupanda kidogo juu ya ukingo wa kile cha jana, na kwa kufuata kingo hizo tunajua kilichotangulia na kilichofuata. Hivyo ndivyo ilivyogundulika kwamba picha ya kwanza ilichorwa baada ya ile ya pili.

Lipu hutoa mfuatano, haitoi jina. Bruno Zanardi, aliyezikarabati kuta hizo, alichunguza jinsi rangi ya ngozi ilivyojengwa tabaka kwa tabaka, akaona mikono ya mafundi tofauti na kuelekeza macho kwa mchoraji Pietro Cavallini wa Roma. Wanaomtetea Giotto wana ushahidi mzuri pia: katika jumba la Louvre kuna picha ya Fransisko akipokea madonda matakatifu, yenye saini ya Giotto, na chini yake mna matukio matatu yanayofuata mpangilio wa Assisi. Mimi naupa uzito, ingawa saini ya enzi hizo ilikuwa alama ya karakana nzima, si lazima ya mkono mmoja.

Hata watetezi wake wengi hukubali kwamba picha ya 1 na za 26 hadi 28 ni za mtu mwingine, ambaye wataalamu humwita Bwana wa Mtakatifu Sesilia kwa kuwa jina lake halijulikani. Kibandiko cha haki kingesomeka: Giotto, pengine, pamoja na wengine, mwishoni mwa karne ya 13.