Je, wajua kwa nini maegesho ya stesheni hujaa hata yakiongezwa?

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 25, 2024, na tangu hapo mwenye gari anayesafiri kutoka makao makuu ana swali la kujibu kabla hata ya kukata tiketi: gari naliacha wapi mpaka nirudi? Jibu linalomjia kila mtu ni kwamba maegesho yapanuliwe. Dodoma ina ardhi, haijabanana kama Kariakoo, kwa hiyo tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba miji iliyotangulia kuishi na treni imepanua maegesho yake miaka nenda miaka rudi, na bado asubuhi madereva wanazunguka wakitafuta pa kuingiza gari. Ukipiga hesabu utaona sababu.

Gari dogo likisimama linachukua nafasi ya mita 2.5 kwa 5. Ongeza njia ya kuingilia, ya kugeuzia na ya kutokea, kila gari linafikia mita za mraba 25 hadi 30. Sasa chukua Mchongoko, ile treni ya mabehewa manane yenye viti 589. Tuseme imejaa, na katika kila abiria wanne mmoja amekuja na gari lake akaliacha stesheni. Hayo ni magari 147, na yanataka takriban mita za mraba 4,000, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Na hiyo ni treni moja. Treni ya pili ikiondoka, magari ya abiria wa treni ya kwanza bado yako palepale.

Kwa hiyo ukubwa wa eneo peke yake hautuambii mengi. Cha kuangalia zaidi ni muda ambao gari linakaa. Katika vitongoji vya miji mikubwa ya ng'ambo, mfanyakazi anaacha gari alfajiri na kulichukua jioni. Kwetu safari ni ndefu zaidi. Mtumishi ambaye familia yake iko Dar es Salaam anaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili jioni. Kwa saa 48 nafasi yake imemhudumia mtu mmoja. Nafasi hiyohiyo ingetengwa kwa wanaoshusha abiria na kuondoka, kila gari likikaa dakika tano, ingepokea magari 12 kwa saa. Hata tukihesabu saa 12 tu za kila siku, katika siku hizo mbili yangepita magari 288.

Ndiyo maana kuongeza nafasi 100 hakumalizi foleni. Nafasi mpya zinavuta watu ambao jana walikuja kwa njia nyingine. Yule wa Nkuhungu aliyekuwa anapanda bajaji anaona leo kuna nafasi, anakuja na gari. Yule wa Kisasa aliyekuwa anapelekwa na mumewe anaona heri ajiendeshe mwenyewe, asimsumbue. Hakuna aliyekosea, kila mmoja amechagua kilichomfaa. Lakini eneo limejaa tena, na anayelipata ni aliyewahi kuamka, hata kama mwenye shida zaidi ni mama mwenye mtoto mgonjwa aliyekuja kwa treni ya saa nne.

Eneo likijaa, magari hayarudi nyumbani. Yanaingia mitaani. Yanasimama mbele ya maduka, kwenye mageti ya watu, kwenye viwanja vya wazi ambavyo watoto huchezea. Huko Arlington, jimbo la Virginia nchini Marekani, wakazi walichoka na magari ya wafanyakazi waliokuja kuegesha mitaani kwao, serikali yao ya mtaa ikaweka utaratibu wa vibali: mchana wa siku za kazi, barabara hizo zikabaki kwa magari ya wenyeji, wageni wao na wanaotoa huduma kwao. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1977 mahakama hiyo ikasema mji una haki ya kulinda utulivu wa wakazi wake kwa namna hiyo. Kibali cha wakazi kinasaidia, ila kina kasoro yake: kinalisogeza gari mtaa wa pili tu, kama stesheni yenyewe haijapangwa.

Kuhusu ushuru, wengi wetu tunauona kama njia ya kukusanya mapato, na mara nyingi ndivyo unavyoendeshwa. Kazi yake yenye manufaa zaidi ni kuwapa watu sababu ya kujiuliza kama kweli wanahitaji kuliacha gari hapo, na kwa muda gani. Ushuru wa kiwango kimoja kwa kila anayeingia haufanyi kazi hiyo. Aliyekaa dakika 20 kumpokea mgeni analipa sawa na aliyelaza gari siku tatu, na hapo aliyekaa kidogo ndiye anayemlipia mwenzake. Reli ya BART, inayohudumia San Francisco na miji jirani, iliweka kanuni mwaka 2013: maegesho ya stesheni yakijaa kupita asilimia 95, ada ingeweza kupandishwa kwa senti 50 za dola, na yakipungua ingeweza kushushwa. Lengo lilikuwa kwamba anayefika asubuhi kwa kuchelewa apate walau nafasi chache zilizo wazi.

Kwa maoni yangu, mpangilio wa ardhi una uzito kuliko bei. Sehemu iliyo karibu na mlango wa stesheni iwe ya watembea kwa miguu, wenye ulemavu, daladala, bajaji, na wanaoshusha au kupokea abiria. Bodaboda tano zinakaa vizuri kwenye nafasi ya gari moja. Baiskeli zinakaa nyingi zaidi: stesheni ya Utrecht, Uholanzi, ina maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya ardhi, jambo lisilowezekana kabisa kwa magari katika eneo kama hilo. Magari yanayolala yaende mbali kidogo, mahali penye ulinzi na taa. Anayeacha gari siku mbili hapungukiwi kitu akitembea dakika tano.

Kuna jambo jingine ambalo Dodoma haipaswi kulipuuza. Hekta moja ya lami, mvua ya milimita 50 ikinyesha, inamwaga lita 500,000 za maji, na jiji hili linajua korongo kavu linavyoweza kugeuka mto ndani ya saa moja. Kiangazi lami hiyohiyo inachoma. Miti ya kivuli na mitaro ya maji iingie kwenye mchoro tangu mwanzo.

Lakini sababu inayosahaulika kuliko zote ni safari ya kurudi. Mtu haendi na gari stesheni kwa sababu ya asubuhi. Asubuhi usafiri upo. Anakwenda nalo kwa sababu ya usiku: treni ikichelewa kufika, daladala zitakuwa zimelala, bodaboda itataka bei ya juu, na ana begi na mtoto. Ratiba ya daladala ikifuata ratiba ya treni, hasa ile ya mwisho, baadhi ya magari hayo yatabaki nyumbani bila kufukuzwa na mtu.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, wapangaji wayahesabu magari kwa nyakati tofauti. Yakiwa mengi saa sita usiku, wanaoziba nafasi ni wanaosafiri siku kadhaa, na dawa yao ni ada ya kila siku na eneo la pembeni. Yakijaa mchana na kuisha usiku, hao ni wa kwenda na kurudi, na wanahitaji usafiri wa kuwatoa mitaani kwao. Na kama ndani kuna nafasi lakini nje kuna msongamano kila treni inapofika, kinachokosekana ni mahali pa kushushia na kupokea watu.