Mwizi wa Pensheni Habebi Bastola

Waandishi wapya wa Unguja na Pemba wananiletea miswada ya riwaya za upelelezi niihariri, na wengi wao sasa wameligusa jambo zito: askari mstaafu aliyedhulumiwa na wakubwa. Nafurahi wameliona. Kinachonichosha ni dhana moja ambayo kila mmoja huja nayo, eti bila bastola, gari linalofukuzwa usiku na maiti iliyotupwa pwani, hapana upelelezi. Nimewajibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo nawajibu wote.

Mstaafu huibiwa kwa kalamu. Chukua mzee mmoja wa kubuni kutoka Micheweni. Katika karatasi zake za jeshi ameandikwa Moh'd Khamis. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed Hamisi, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Muhammed Khamis Juma. Kila Mzanzibari anajua kwamba huyo ni mtu mmoja. Karani mwenye nia njema atamwambia alete barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yake, na hati ya kiapo, jambo likaisha. Karani mwenye tamaa hamwambii kitu. Anayaacha majina yagombane, anasema faili halionekani masjala, na mzee arudi wiki ijayo. Kila kurudi ni nauli ya gari, mara nyingine ya boti, mpaka mzee achoke. Akishachoka ndipo anapotokea kijana mwenye maneno mazuri, anayejua "watu wa ndani", akiahidi kulifuatilia faili kwa sharti la kugawana kiinua mgongo. Faili linaonekana siku ya pili.

Hapo mwandishi tayari ana uhalifu na wahalifu wawili, na bado hajapanda ngazi. Karani hana uwezo wa kujiidhinishia malipo. Yuko anayeidhinisha, yuko anayekagua hesabu, na yuko mkubwa aliyeombwa aingilie kati akanyamaza kwa sababu naye anapata fungu. Mzee akifa, jina lake linaachwa kwenye orodha na fedha zinaendelea kutoka. Mpelelezi anachohitaji ni tarehe mbili: siku kifo kilipoandikishwa na siku fedha zilipochukuliwa mara ya mwisho. Kama ya pili imekuja baada ya ya kwanza, kuna mtu aliyetia saini kwa niaba ya maiti. Niambieni kama mnahitaji bastola kumfanya msomaji ageuze ukurasa huo kwa haraka.

Na msidhani dhuluma ya namna hii nimeibuni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikusanya wapagazi wa Afrika Mashariki kwa malaki. Walikufa wengi mno, na mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Tarehe 1 Disemba 1944, huko Thiaroye nchini Senegali, askari Waafrika waliotoka kuipigania Ufaransa walidai malimbikizo ya mishahara yao, na jeshi hilohilo likawapiga risasi. Kisha mwaka 1959 Ufaransa ikapitisha sheria iliyozigandisha pensheni za wapiganaji waliotoka katika makoloni yake, hata mzee wa Kiafrika akawa anapokea sehemu ndogo tu ya alichopokea Mfaransa aliyepigana naye bega kwa bega. Mambo yalibaki hivyo kwa miongo kadhaa. Hapo hakuna karani aliyevunja sheria, maana dhuluma imo ndani ya sheria yenyewe. Mpelelezi wako atamkamata nani? Mwandishi anayeweza kulibeba swali hilo mpaka ukurasa wa mwisho atakuwa ameandika riwaya ya ufisadi kwelikweli.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule ninaowapa wote. Kabla ya sura ya kwanza, tengeneza faili la mhusika wako kwa mkono: karatasi za jeshi, barua ya sheha, maombi ya mafao, majibu ya afisi, kila moja na tarehe yake. Tia kosa moja tu, kisha ujiulize nani anafaidika nalo. Nenda pia kwenye Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, ukasome barua za zamani za serikali uone mkubwa anavyokataa jambo bila kuandika neno "hapana". Mwandishi aliyefanya kazi hii namtambua katika kurasa chache za mwanzo.

Dhana nyengine nitazipitia kwa ufupi.

Wapo wanaoamini askari ni askari tu, wala haidhuru ni wa wapi. Hapa kwetu inadhuru sana. Ulinzi ni jambo la Muungano, na JWTZ ni jeshi la Muungano. KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo (magereza) ni idara maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mafaili yao hayakai pamoja na wakubwa wao si wamoja. ZAECA nayo ni mamlaka ya Zanzibar ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ukimtuma afisa wake akapekue pensheni ya mwanajeshi wa JWTZ, eleza alipataje ruhusa; mvutano huo wa mamlaka peke yake unatosha kujaza sura mbili. Na Pensheni Jamii iliyoanza 2016 ni ya wazee wote wa Zanzibar waliofika miaka 70, haihusiani na utumishi wa jeshi. Msizichanganye.

Wengine hawawezi kumuona mstaafu ila amerukwa na akili, na mwishowe yeye ndiye muuaji. Vita huumiza akili za watu, hilo ni kweli, lakini kuumia si hatia. Dakta Watson, msimuliaji wa visa vya Sherlock Holmes tangu 1887, ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa Afghanistan. Alikuwa akiishi London kwa shilingi 11 na peni 6 kwa siku, hazikumtosha, ndiyo akatafuta mtu wa kuchangia naye kodi ya nyumba. Mstaafu mwenye shida alikuwemo katika upelelezi tokea hapo, tena yeye ndiye aliyeshika kalamu. Tazameni na umri pia. Kijana wa miaka 20 aliyeingia Kampala Aprili 1979, katika vita vya kumng'oa Idi Amin, leo ni mzee anayeelekea 70. Msimrushe kuta.

Kuhusu madai kwamba upelelezi ni fasihi ya kuiga, au kwamba mpelelezi lazima awe polisi: Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alituletea mpelelezi Bwana Msa katika kitabu kilichochapishwa 1960, na Bwana Msa hakuwa polisi. Someni.

Iliyobaki ni hii ya kufunga kitabu kwa pingu. Mheshimiwa anakamatwa hadharani, watu wanapiga makofi, hadithi imekwisha. Na mjane aliyefungua kesi katika sura ya pili? Hatajwi tena. Mfungeni mkubwa mkitaka, lakini niandikieni na sura ya malipo: mjane alilipwa au hakulipwa, alipewa kiasi gani, kimepungua nini, na kilichopungua kipo mikononi mwa nani.