Kwa Nini Mgonjwa wa Nimonia Anapimwa Moyo

Tunapoelekea Siku ya Sepsisi Duniani, tarehe 13 Septemba, malalamiko kuhusu vipimo vya moyo kwa wagonjwa wa maambukizi makali yameongezeka kwenye dirisha la maabara yetu, na mengi yanatoka kwa ndugu wanaouliza kwa nini mgonjwa aliyelazwa kwa nimonia anatolewa damu ya kupima moyo, tena mara mbili kwa siku moja.

Maambukizi makali kama nimonia yanaweza kuleta sepsisi, yaani hali ambapo mapambano ya mwili dhidi ya maambukizi huanza kudhuru viungo vyake wenyewe. Katika sepsisi, kemikali zinazomwagwa na kinga ya mwili, pamoja na presha inayoshuka, hudhoofisha misuli ya moyo. Chembe zake zikijeruhiwa huvujisha troponini, protini ya misuli ya moyo, kwenye damu. Moyo ukielemewa na kutanuka, huongezeka BNP na NT-proBNP, vitu ambavyo moyo humwaga kwenye damu unapoelemewa. Troponini ikiwa juu haimaanishi moja kwa moja kwamba mshipa wa moyo umeziba, kwa hiyo tafadhali msianze kupigiana simu kwamba mzee amepata mshtuko wa moyo. Figo zilizochoka pia huipandisha.

Kipimo hurudiwa kwa sababu namba moja haitoshi. Kwa vipimo vya kisasa hurudiwa baada ya saa 1 hadi 3, na vya zamani huhitaji hadi saa 6. Kiwango kinachopanda au kushuka huonyesha jeraha jipya. Kilicho juu bila kubadilika huelekeza kwenye tatizo la muda mrefu. Damu inayochukuliwa haizidi sana kijiko kimoja cha chai, na hatuiuzi, ingawa swali hilo bado tunaulizwa.

Chupa lazima ibandikwe lebo palepale kitandani, ikiwa na jina kamili, namba ya hospitali na saa ya kuchukua damu. Sampuli isiyo na saa tunaikataa. Iliyotikiswa hadi chembe nyekundu zikapasuka, vilevile. Na fomu isiyolingana na chupa hurudishwa wodini hata kama ndugu wamesimama mlangoni. Anayetumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi amweleze daktari, kwani huweza kupotosha baadhi ya vipimo.

Majibu hupelekwa kwa daktari, ambaye huyasoma pamoja na kipimo cha umeme wa moyo na ultrasaundi. Kwa wengi wanaopona, udhaifu huu wa moyo hurekebika ndani ya siku 7 hadi 10, lakini aliyepewa tarehe ya kliniki ya moyo aitimize, hata kama homa imekwisha.