Sentensi moja ya Ngara katika maabara ya kompyuta

Mwanafunzi anayetafuta eneo la utafiti akiuliza maabara yetu hushughulikia nini, hupewa orodha: utambuzi wa usemi, uchakataji wa lugha, programu za simu ndogo, ulinzi wa data. Orodha hiyo ni ya kweli, ila haimwonyeshi kazi yenyewe. Afadhali nichukue sentensi ambayo abiria yeyote wa Nairobi angeisema akipiga simu ya malalamiko, niipitishe meza kwa meza:

"Makanga hajanirudishia soo mbili, nimeshuka Ngara saa mbili."

Kazi huanza kwenye maiki. Tunarekodi sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja, faili ya WAV. Saa nzima ya sauti ya namna hiyo ni kama megabaiti 115, kwa hiyo hakuna sababu ya kuibana. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiufanye rekodi ya msingi, kwa maana hukufikia ukiwa umeshabanwa, na kilichotupwa hakirudi.

Hatari ambayo wengi hawaioni iko mwanzoni mwa klipu. Mtu hubonyeza kitufe huku ameshaanza kusema, au programu ya kuondoa kimya huichukulia "h" hafifu kuwa pumzi tu. Kiswahili nacho huweka ukanushi pale pale, mwanzoni mwa kitenzi: ha-, hatu-, si-. Abiria akianza na "Hajanirudishia" na silabi ya kwanza ikakatwa, modeli, yaani programu iliyojifunza kugeuza sauti kuwa maandishi, hubaki na "janirudishia", neno lisilokuwepo, na italitafutia lililo karibu. Ikiangukia "amenirudishia", malalamiko yamegeuka shukrani. Acheni nusu sekunde ya kimya kabla ya neno la kwanza, na programu ya kuondoa kimya iache kiasi hicho hicho kabla ya pale inapodhani usemi umeanza.

Sauti ya simu ya kawaida ina tatizo jingine. Hupita kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, hivyo kila mtetemo wa zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde hupotea, na nguvu nyingi ya "s" iko huko juu. Ndiyo maana "suta" na "futa" hukaribiana sana simuni. Kuipandisha rekodi hadi 16,000 hakurudishi kitu. Faili huwa kubwa tu. Kinachosaidia ni kuchukua sehemu ya klipu safi za mafunzo, kuzishusha hadi 8,000 na kuzipandisha tena, ili modeli izoee sauti iliyopungukiwa. Kelele nazo tunazichanganya makusudi, kuanzia pale sauti inapoizidi kelele kwa desibeli 20 hadi 0, yaani mpaka pale muziki wa matatu unapolingana nguvu na msemaji. Mvua kwenye mabati iwekwe kando na kelele nyingine, kwa sababu hufunika karibu masafa yote kwa pamoja. Na kelele ya mafunzo isitumike tena kwenye mtihani, la sivyo mnapima kumbukumbu.

Kosa hilo lina ndugu yake mkubwa zaidi, nalo ni kugawa data kwa klipu badala ya kwa msemaji. Sauti ya mtu mmoja ikiwa upande wa mafunzo na upande wa mtihani pia, matokeo yatapendeza mezani na kuporomoka stendi. Gawa watu kwanza, kisha klipu zao ziwafuate.

Sasa "soo mbili", yaani mia mbili kwa Sheng. Modeli iliyolishwa magazeti na vitabu vya dini haijakutana na "soo", wala "mbao" ya ishirini, "finje" ya hamsini au "ngiri" ya elfu. Itaandika "saa mbili", kwa kuwa hilo inalifahamu. Mnukuzi, anayeandika kilichosemwa kwenye klipu, naye huharibu kwa nia njema, kwa njia yake anaposahihisha "soo" kuwa "mia". Kwetu kila klipu ina tabaka mbili: ya kwanza ni kilichotamkwa, herufi kwa herufi, ya pili ni maana yake, shilingi 200. Wanukuzi wawili hufanya kazi bila kuonana, wa tatu huamua wanapotofautiana. "Saa mbili" huachwa wazi katika tabaka ya pili, maana yaweza kuwa 08:00 au 20:00, na mnukuzi haruhusiwi kukisia. Wala isiandikwe 02:00, kosa ambalo programu zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza hulifanya bila wasiwasi.

Ritifaa pia inahitaji ulinzi. Katika maandishi yaliyokusanywa mtandaoni, ile ya "ng'oa" huja kwa alama kadhaa tofauti, iliyonyooka, iliyopinda, hata ile inayoegemea nyuma. Programu ya kusafisha ikizifuta zote kama vituo, "ng'oa" inakuwa "ngoa", ambayo ni wivu. Zigeuzeni zote kuwa alama moja kabla ya kusafisha chochote.

Kipimo ndicho kinachonisumbua zaidi, na hapa ningependa kuona tasnifu nyingi kuliko zilizopo. Kiwango cha makosa ya maneno ni maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, ukigawanya kwa maneno yote yaliyosemwa. Sentensi yetu ina manane, kwa hiyo kosa moja ni asilimia 12.5, iwe ni "Ngara" kuwa "Ngala" au "hajanirudishia" kuwa "amenirudishia". Ukipima kwa herufi hali huwa mbaya zaidi: kosa la ukanushi ni herufi 3 kati ya 58, nafasi zikiwemo, na "soo" kuwa "saa" ni 2 tu. Makosa yanayomnyima mtu pesa yanaonekana madogo kabisa. Ripoti yoyote ya modeli ya Kiswahili iwe na hesabu ya tatu: ukanushi umehifadhiwa mara ngapi, na viasi vya pesa vingapi vimetoka sawa.

Watu wa uchakataji wa lugha hulipokea neno "hajanirudishia" na kulichambua: ha-ja-ni-rud-ish-i-a, viungo saba. Kikata maneno, programu inayogawa neno vipande kabla modeli haijalisoma, kikiwa kimefunzwa kwa lugha za Ulaya kinaweza kulichana "haj-ani-rud-ishia", na -ja- ikavunjika katikati. Kifunzeni upya kwa maandishi ya Kiswahili. Mradi wa Kencorpus umekusanya Kiswahili, Dholuo na lahaja za Kiluhya, na Masakhane, jamii ya watafiti wa lugha za Afrika, imeweka wazi data za kutambua majina. Anzeni huko kabla ya kukusanya zenu.

Kwenye meza ya simu swali ni la kumbukumbu. Whisper ndogo ("small"), modeli ya OpenAI ya kutambua usemi, ina vigezo milioni 244, yaani namba ilizojifunza. Kwa biti 16 ni karibu megabaiti 488, kwa biti 8 nusu yake. Ukishaipunguza, ipime tena kwa ile hesabu ya tatu, kwani wastani waweza kubaki pale pale huku ukanushi ukipotea. Pia isipewe kimya kitupu, kwa sababu huandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huutaja utambuzi wa sauti ndani ya maana ya data za kibayometria, na utafiti wenyewe huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Fomu ya idhini na sauti hukaa seva tofauti, zikiunganishwa na namba ya nasibu tu. Mtu akijitoa, kufuta faili yake hakutoshi, kwa kuwa modeli ya jana imeshajifunza kwake. Namba yake huingia kwenye orodha ambayo programu ya mafunzo huisoma kabla ya kufungua klipu ya kwanza, na ikiikosa orodha hiyo, haianzi.