Hela za Wazee Haziko kwa Gavana

Malalamiko kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa kila mwezi, yameongezeka katika ofisi yetu hapa Kisumu. Mengi huwa yameshapitia kwa mwakilishi wadi, yakaenda kwa gavana, ndipo yanatufikia sisi maafisa wa maendeleo ya jamii. Mzee wa Nyakach anajikuta amelipa nauli mara tatu kabla ya mtu kumwelekeza.

Gavana halipi pesa za wazee. Nimelisema hili kwenye mabaraza mengi, na bado kila baraza husimama mtu akadai kaunti imezikalia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 halikuipa kaunti kazi hiyo, na Ibara ya 186 inasema kazi ambayo kaunti haikupewa ni ya serikali ya kitaifa. Kwa sababu mpango unaamuliwa Nairobi, Sh2,000 za mwezi ni zilezile Kisumu na Turkana.

Zahanati ni kinyume chake. Dawa zikikosekana pale, ulizeni kaunti. Chifu, ambaye ni afisa wa serikali ya kitaifa, hana jibu. Na penye uamuzi wa kaunti, huduma hazilingani. Mwaka 2013 Kakamega ilianza kuwapa pesa akina mama maskini waliohudhuria kliniki na kujifungulia hospitalini. Siaya na Vihiga hazikulazimika kufuata.

Wanaotaka kila eneo lijiamulie mambo yake, wanaosema "turudishe majimbo, maskini atashiba", waangalie Marekani kwanza. Medicaid, bima ya matibabu ya watu wa kipato cha chini, iliundwa mwaka 1965, na gharama yake hubebwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba jimbo haliwezi kushurutishwa kuipanua. Texas na Florida hazikuipanua, kwa hiyo mtu mzima maskini asiye na mtoto anaweza kukosa bima hiyo Texas ilhali mwenzake wa California anaipata. Lakini Kanada, jimbo la Saskatchewan lilianza bima ya hospitali mwaka 1947, na miaka kumi baadaye serikali kuu ikapitisha sheria ya kuchangia gharama za bima kama hiyo katika majimbo. Jimbo moja likithubutu, taifa zima laweza kufaidika. Natamani tungeitazama Kakamega kwa jicho hilo.

Kinachoniumiza ni pale kazi inapokuwa ya serikali mbili. Desemba 2018 majaribio ya afya kwa wote yalizinduliwa hapa Kisumu: fedha za serikali ya kitaifa, hospitali za kaunti. Yalipokwisha, mgonjwa aliyeombwa ada dirishani hakujua amlaumu nani. Hapo sikumlaumu mwananchi.

Sasa utaratibu, tafadhali someni hadi mwisho. Anayetaka kuingizwa kwenye mpango wa wazee awe ametimiza miaka 70 kwa mujibu wa kitambulisho, wala si kwa maneno ya majirani. Aanzie kwa naibu wa chifu au kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kujiandikisha si kulipwa: majina huhakikiwa, na nafasi hutegemea bajeti. Ofisi hii haina mamlaka ya kutaja tarehe ya malipo. Mnufaika akifariki, familia imjulishe naibu wa chifu mara moja. Kuendelea kupokea pesa za marehemu kwa kujifanya yu hai ni kosa la jinai; chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kupata mali kwa udanganyifu kunaweza kukufunga miaka mitatu. Kumwachia wakala au mjukuu namba ya siri si kosa la jinai, ila hasara yake tunaiona kila awamu ya malipo.

Juzi alikuja mama mmoja wa Kolwa, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la leso. Anasema ziwa lilipofurika kwa mvua za Uhuru, zile za 1961 na 1962, alikuwa ameshaolewa. Kitambulisho kinasema amezaliwa 1958. Gavana hawezi kuurekebisha mwaka huo, wala mimi siwezi. Ni kazi ya ofisi ya usajili wa watu, nayo ni ya serikali ya kitaifa. Nilimwandikia barua, nikamwambia atafute kadi yake ya ubatizo. Alisema iko kwa dadake Ahero, akauliza kama matatu za jioni bado zipo.