Sema ukiwa kizimbani: kulalamikia hali ya rumande ili malalamiko yasikike

Jumatatu asubuhi ndiyo siku iliyo nzito kwangu kortini. Watu waliokamatwa Ijumaa jioni ndipo wanapoletwa, na kabla hujawaona unajua wamefika: jasho la siku tatu, mkojo, nguo zilizolaliwa sakafuni. Nimekuwa wakili wa kesi za jinai hapa Mombasa kwa miaka 11 na sijaizoea harufu ile. Naomba Mungu nisiizoee.

Kukaa huko hadi Jumatatu kwenyewe si lazima kuwe kosa la polisi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, analetwa siku ya kazi inayofuata. Lakini ruhusa ya kumweka mtu ndani si ruhusa ya kumweka vyovyote. Kifungu cha 51 kinasema aliyezuiliwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa kwa sababu amezuiliwa. Haki ya kutoteswa na kutodhalilishwa imo katika kifungu cha 25, miongoni mwa zile chache zisizowekewa mipaka hata kidogo. Na sheria ya polisi ya mwaka 2011 inataka seli iwe safi, iwe na mwanga wa kutosha, choo, mahali pa kunawa na mahali pa kutoka nje. Wanawake mbali na wanaume, watoto mbali na watu wazima.

Sheria tunazo, tena nzuri. Linalotushinda ni kuthibitisha kwamba zimevunjwa, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mwaka jana nilimsimamia kijana wa bodaboda wa Kisauni, ameshtakiwa kwa wizi wa simu. Tulizungumza kwenye nondo za seli ya korti, dakika chache kabla hajaitwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na una kidonda kinachotoa maji.

"Kulikuwaje huko ndani?"

"Vibaya sana, wakili."

Kila mtu hunijibu hivyo, na jibu hilo halinisaidii. Hakimu akiambiwa "vibaya sana" ataandika nini? Nikamuuliza tena: mlikuwa wangapi?

Akafikiri. "Jumamosi usiku tulihesabiana, tukawa 27. Tulilala kwa zamu, wengine wamesimama, wengine wamekaa. Ndoo ilikuwa moja. Ilijaa tangu Ijumaa, ikaja kumwagwa Jumapili saa nne asubuhi. Huu mguu niliusema mara mbili kwa askari wa zamu ya usiku, akaniambia ningoje daktari."

Daktari hakuja. Lakini sasa tulikuwa na kitu mkononi: idadi, siku, saa, aliyeambiwa na alichojibu. Nikamwambia akisomewa mashtaka, kabla hatujafika kwenye dhamana, anyooshe mkono aseme maneno yale yale, bila kuongeza chumvi. Alisema. Hakimu aliacha kalamu, akamwomba asogee auone mguu, kisha akaandika kila neno na kuamuru apelekwe hospitali siku ile ile na ripoti ya daktari iletwe kortini.

Kinachosemwa kizimbani kinaingia katika mwenendo wa kesi, kwa mwandiko wa hakimu, na tarehe juu yake. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema kijana alitunga habari hiyo miezi sita baadaye ili aponyoke kesi. Kituo kilipoandika baada ya wiki mbili kwamba seli zake ziko katika hali nzuri, barua hiyo ilikuta maneno ya kijana na karatasi ya hospitali yamekwisha kutangulia kwenye faili. Ndiyo maana nawaambia jamaa wa mahabusu: msisubiri mpate wakili mkubwa. Siku ya kwanza ndiyo ya kusema.

Wakati huo huo jamaa walioko nje wana kazi yao. Mama yake yule kijana alikuwa amepeleka chakula kituoni mara nne, akakubaliwa mara moja. "Nisamehe mwanangu, mimi sikusoma," aliniambia, "lakini siku nazikumbuka." Tukaziandika zote siku ile, pamoja na saa. Ulizia pia nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi, maana kila anayeingizwa seli anapaswa kuandikwa kwenye daftari hilo. Kama mtu amepigwa, taka fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari mapema, kabla uvimbe haujashuka. Ngozi hupona haraka kuliko kesi inavyosikizwa.

Halafu kuna suala la mlango gani wa kubisha, na hapa naona watu wengi wakipoteza miezi. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa mwaka 2011, inachunguza polisi na ina mamlaka ya kukagua seli za vituo. Askari jela hawamo chini yake. Ndugu yako akishatolewa kituoni na kupelekwa rumande ya gereza, barua uliyoiandikia IPOA kuhusu blanketi za gereza haitafika popote. Huko peleka kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, au kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Ukiwa gerezani angalia pia jambo moja ambalo wengi hawalijui: kifungu kile kile cha 49 kinataka mahabusu awekwe mbali na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa. Wakichanganywa, hilo peke yake ni lalamiko kamili.

Mahakama Kuu nayo iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinakataza kutoza ada ya kufungua shauri la haki za msingi, na kinaitaka mahakama ipokee hata nyaraka zisizo rasmi ikibidi. Barua iliyoandikwa kwa mkono kutoka rumande inaweza kuwa mwanzo wa shauri. Na kama kinachomweka mtu mle ndani ni kiasi cha dhamana ambacho familia haiwezi kukifikia, Mahakama Kuu ina uwezo wa kukipunguza. Mimi huanza na hilo mara nyingi, kwa sababu dawa ya haraka kuliko zote kwa seli iliyofurika ni kumtoa mtu.

Linaloniumiza kichwa ni hofu. Mwaka 2025 nchi nzima ilisikia habari za Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Tangu hapo kila mahabusu ninayemshauri aseme ananiuliza swali lile lile: nikishasema, si narudishwa mle mle, kwa wale wale? Siwezi kumwambia hofu yake ni bure.

Ninachofanya ni kuomba mambo mawili kwa pumzi moja. Nikiwasilisha malalamiko, naomba papo hapo hakimu aamuru mteja wangu, kama hapewi dhamana, azuiliwe kituo kingine, na aletwe tena baada ya siku chache ili korti imwone kwa macho. Yule kijana tuliomba aletwe Alhamisi. Alipoletwa, hakimu hakuanza na faili. Alimwambia apandishe suruali auone mguu.