Cheti cha daktari hakimalizi kesi

“Ukishapata cheti cha daktari cha kukusamehe chanjo ya lazima kazini, mwajiri hana la kusema.” Hii ndiyo dhana inayowaponza wengi. Tazama karatasi yenye mstari mmoja: mgonjwa ana mzio, asichanjwe. Mzio wa nini? Ulijitokeza lini, baada ya dozi ipi? Mwajiri anayeuliza hivyo haonei mtu. Cheti chenye uzito hueleza kwamba mtu alibanwa pumzi dakika chache baada ya dozi ya kwanza, tena hutaja kiambato kinachoshukiwa. Hata sababu za kitabibu hupitwa na wakati: Marekani, mzio wa mayai peke yake haumzuii mtu tena kupata chanjo ya mafua.

Mcheza tenisi Novak Djokovic alitua Australia Januari 2022 bila chanjo ya Covid-19, na msamaha wa kitabibu mkononi, kwa hoja kwamba alikuwa ametoka kuugua ugonjwa huo. Viza ikafutwa. Tarehe 10 mahakama ikamrudishia, kwa kuwa maofisa walimnyima muda waliomwahidi wa kujitetea. Tarehe 14 waziri wa uhamiaji akaifuta upya, na tarehe 16 majaji watatu wakatupa pingamizi lake. Hawakuwa wakiamua kama msamaha ule ulikuwa sahihi kitabibu. Walipima tu kama waziri alitumia madaraka yake kihalali. Kesi nyingi za aina hii ziko hivyo: unakwenda kubishania mwili wako, unakuta hoja ni utaratibu.

Wapo pia wanaodhani msamaha maana yake ni kuendelea na kazi kama zamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu humtaka mwajiri afanye marekebisho ya kuridhisha, lakini si lazima yawe yale unayoyapenda wewe. Yanaweza kuwa barakoa, vipimo vya mara kwa mara, kuhamishiwa kitengo kingine, pengine hata likizo bila malipo. Mwajiri anaweza kukataa akithibitisha kwamba mzigo ni mzito kupita kiasi. Anayekataa bila hata kuketi na mfanyakazi ndiye anayejitafutia kesi, na hapo simhurumii.

“Sheria ya faragha inamkataza mwajiri kuniuliza.” Hapana. HIPAA, sheria ya Marekani ya 1996 kuhusu faragha ya taarifa za afya, huwabana hasa watoa huduma za afya na kampuni za bima. Mwajiri anaweza kuuliza. Wajibu wake ni kuzitunza taarifa hizo kwa siri, mbali na faili la kawaida la mfanyakazi.

Na ile ya kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta chanjo za lazima kazini? Nusu tu. Tarehe 13 Januari 2022 ilizuia agizo la serikali la chanjo ya Covid-19 au vipimo kwa kampuni zenye wafanyakazi 100 au zaidi, kwa kura 6 dhidi ya 3. Siku hiyohiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu agizo la chanjo kwa wahudumu wa afya, ambalo lenyewe lilikuwa na nafasi ya msamaha wa kitabibu.

Wengine huitaja kesi ya Jacobson ya 1905, ya Mmarekani aliyekataa chanjo ya ndui, kama ruhusa ya kumchanja mtu kwa nguvu. Adhabu iliyobishaniwa ilikuwa faini ya dola 5. Sheria ile ya Massachusetts iliwasamehe watoto wenye cheti cha daktari, watu wazima haikuwataja. Hata hivyo Jaji Harlan wa Mahakama ya Juu, katika hukumu ya kesi hiyo, aliandika kwamba anaweza kumfikiria mtu mzima ambaye, kwa hali ya afya yake, kumchanja kungekuwa ukatili. Jacobson, kwa macho ya mahakama, hakuwa mtu huyo.